Kidonge, Saa na Mistari ya Chaki: Mwongozo wa Kuishi na Parkinson Huku Nyanda za Juu

Chaki ndiyo iliyonisema kwanza. Nilikuwa nafundisha darasa la sita hapa Uyole, Mbeya. Naanza sentensi kwa herufi kubwa zinazosomeka mpaka dawati la nyuma, nikifika mwisho wa ubao maneno yamenywea kama msafara wa siafu. "Mwalimu, hatuoni," watoto wakalalamika. Nikadhani ni macho yao, nikawahamisha viti. Karibu mwaka mzima nilihamisha viti. Mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka nikiwa nimeupumzisha tu juu ya goti, mke wangu akasema sasa basi, twende hospitali. Tukarudi na jina: ugonjwa wa Parkinson.

Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayowezesha mwili kutenda mambo bila kuamriwa: kupunga mikono ukitembea, kupepesa macho, kumeza mate, kujigeuza usingizini. Kwa mwenye Parkinson seli hizo zinakufa polepole, mwaka baada ya mwaka. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Ipo ya kuziba pengo, inaitwa levodopa, inatumika tangu miaka ya 1960. Ugonjwa hauambukizi, na haukuletwa na jirani yako. Daktari James Parkinson wa London aliuandika mwaka 1817, kwa hiyo wanaouita ugonjwa wa siku hizi wamechelewa kidogo.

Ukitoka hapa na jambo moja tu, liwe hili: kile ambacho mwili ulikuwa unakifanya wenyewe, sasa utaukumbusha wewe, kimoja kimoja, na katika saa ambazo dawa imeshika. Hatua zote zinazofuata zimetoka humo.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni yenyewe

Hakuna kipimo cha damu kinachosema hii ni Parkinson. Daktari anakutazama unavyotembea, anakugongesha vidole, anakunja na kukunjua mkono wako asikie kama umekakamaa. Kutetemeka si lazima, wapo wasiotetemeka kabisa. Kinachotafutwa hasa ni wepesi uliopotea, na mara nyingi unaanzia upande mmoja wa mwili. Mweleze pia mambo unayoona hayahusiani: pua kutosikia harufu, choo kuwa kigumu kwa miaka, kupiga mateke na kupayuka usingizini. Hayo huweza kutangulia mtetemeko kwa muda mrefu.

Nenda na dawa zako zote kwenye mfuko. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama haloperidoli na klopromazini, na ile ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, zinaweza kumfanya mtu mzima wa afya aonekane ana Parkinson. Kama chanzo ni hizo, tiba ni daktari kuzibadilisha, na mwongozo huu hukuuhitaji.

Kwa sisi wa Mbeya, Songwe na Rukwa njia kawaida inaishia Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa mjini, au unapewa rufaa ya kwenda Muhimbili. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo maswali yaandike kabla hujapanda basi. Na usijilaumu kwa kuchelewa. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, na matokeo yao kuchapishwa mwaka 2008, wagonjwa wengi waliowakuta walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Hatua ya pili: daftari la siku saba

Chukua daftari la shule la kawaida. Kila saa uliyo macho, andika neno moja kati ya matatu: "imeshika", "inaisha", "imeisha". Imeshika ni pale unapofunga kifungo cha shati bila kukifikiria. Inaisha ni pale kidole kinapoanza tena kuhesabu pesa zisizokuwepo. Imeisha unaijua mwenyewe. Pembeni andika saa uliyomeza dawa na ulichokula.

Baada ya wiki utaona umbo la siku yako. Langu lilikuwa wazi: dozi ya saa 12 asubuhi inanifikisha saa nne na nusu, halafu kuna shimo mpaka ile ya saa tano ishike. Miezi mingi nilikuwa naoga saa nne na nusu hiyo hiyo, nikijiuliza kwa nini kuoga kumekuwa vita. Nilikuwa naogea ndani ya shimo. Nilihamisha kuoga hadi saa mbili, vita ikaisha. Shughuli ngumu zipange penye "imeshika", na penye shimo weka redio.

Daftari hilo hilo mpelekee daktari. Ukimwambia "dawa hainisaidii" hana pa kuanzia. Ukimwonyesha kwamba inaisha nguvu saa moja kabla ya dozi inayofuata, ana la kufanya.

Hatua ya tatu: kidonge kwanza, maharage baadaye

Hapa ndipo watu wengi wa huku wanapopoteza dawa yao bila kujua. Levodopa inapita kwenye utumbo kwa mlango ule ule unaopitisha protini. Ukimeza kidonge juu ya sahani ya maharage, ni kama kumpeleka mzee mmoja stendi ya Kabwe saa ya watu kutoka kazini: gari lipo, ila wenye nguvu wameshajaa. Dawa inabaki nje, nawe unabaki umekaa, unasema tembe za siku hizi ni feki.

Meza kwa glasi nzima ya maji, nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Wiki za mwanzo ikikuchefua, kula nayo kipande cha kiazi kilichochemshwa au mkate mkavu, visivyo na protini nyingi. Kwetu nyumbani asubuhi ni viazi mviringo au ndizi na chai ya rangi. Mchana ugali na mboga za majani, parachichi likiwepo. Maharage, nyama, samaki, mayai na maziwa tumevihamishia usiku, nikishamaliza shughuli za siku. Usiviache kabisa, maana ugonjwa huu unakondesha. Kama umeandikiwa vidonge vya madini ya chuma, navyo vitenganishwe na levodopa kwa saa kadhaa.

Kuhusu upupu. Utaambiwa, na aliyekuambia hakosei kabisa, kwamba mbegu za upupu zina levodopa. Ni kweli, zinayo. Lakini punje moja haifanani na nyingine, na ukichanganya na vidonge hujui umemeza kiasi gani. Mimi simezi kitu nisichoweza kukiandika kwenye daftari.

Sasa angalia namba kwenye pakiti. Vidonge huja kwa vipimo tofauti, kwa mfano 25/100 na 25/250, na namba kubwa ndiyo levodopa. Duka moja la dawa lilinipa vya 250 badala ya 100 nilivyozoea. Rangi nyingine, nikasema kampuni nyingine, nikameza idadi ile ile. Kufika saa tatu shingo na mabega vilikuwa vinacheza ngoma ambayo hakuna aliyeipiga, nimelowa jasho, mke wangu ameshika redio mkononi akidhani ndiyo inayonipandisha. Hesabu miligramu, usihesabu vidonge.

Usiache dawa hii ghafla hata siku ikikukasirisha. Kuikata mara moja kunaweza kukakamaza mwili mzima na kupandisha homa ya hatari. Pakiti ya mwisho ikifunguliwa, siku hiyo hiyo mtu aende dukani. Mvua za masika zikianza na unaishi Makete au ndani kule Rungwe, weka akiba ya wiki mbili kabla barabara haijawa tope.

Hatua ya nne: kitanda cha baridi

Mwezi wa sita na wa saba Mbeya, Njombe na Mufindi hatulali, tunajizika chini ya mablanketi. Mwenye Parkinson chini ya mablanketi mawili mazito hawezi kujigeuza. Pajama la kitambaa chenye manyoya juu ya shuka ya namna hiyo linanata, na unaamka saa tisa usiku umelalia bega lile lile ulilolala nalo, linauma kama limepigwa rungu.

Tafuta kitu kimoja chepesi chenye joto badala ya viwili vizito. Kisha nunua kipande cha satini, kile cha kushonea bitana, kishone katikati ya shuka kuanzia mabegani hadi mapajani. Kisifike ukingoni, usije ukateleza hadi chini. Mke wangu alicheka nilipoleta satini nyumbani kwa umri wangu. Usiku wa pili kicheko kilipungua, maana hakuamshwa kunigeuza.

Namna ya kugeuka: kunja magoti, nyayo zikanyage godoro. Geuza kichwa kwanza, upande unaotaka kugeukia. Mkono wa mbali uvuke kifua. Kisha magoti yaangukie upande huo, mwili utayafuata. Ukitaka kuamka, shusha miguu nje ya kitanda huku ukijisukuma kwa kiwiko, na ukishakaa, kaa. Dakika mbili. Presha ya mwenye Parkinson hupenda kushuka anaposimama, na aliyekurupuka ndiye anayeokotwa sakafuni.

Mimi naweka kidonge na chupa ya maji kwenye kigoda kando ya kitanda. Nameza saa 12, nabaki nimelala hadi kishike. Kwangu ni kama dakika arobaini.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto. Hewa yake inaua aliyefunga dirisha, na ukianguka unaangukia moto. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa khanga inatosha miguuni.

Hatua ya tano: mlangoni

Kuganda ni hivi: unatembea vizuri, unafika mlangoni, miguu inagoma kama imegundishwa. Kifua kinaendelea mbele. Hapo ndipo watu wanapovunja mikono.

Ukiganda, usilazimishe. Simama kabisa. Pumua. Hamisha uzito mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia, kisha piga hatua moja ndefu kama unayevuka mfereji. Kuhesabu kwa sauti kunasaidia, "moja, mbili, moja, mbili", kama gwaride la shule. Ajabu ni kwamba miguu inayokataa sakafu tupu inakubali kuvuka mstari. Jicho linaupa ubongo njia nyingine ya kupita.

Kwa hiyo nikarudi kwenye chaki. Nilichora mistari mitano sakafuni, kukatiza mlango wa chumba, umbali kati ya mstari na mstari ukiwa hatua yangu moja ya zamani, kama sentimita 45. Nikasimama, nikaukanyaga wa kwanza, wa pili, nikajikuta sebuleni. Mjukuu wangu alifurahi kuliko mimi, akadhani nimemchorea mchezo. Chaki inafutika kwa deki, basi fundi rangi akaipaka kwa rangi ya mafuta, njano, kwenye milango mitatu. Gharama ilikuwa kopo dogo la rangi na soda ya fundi.

Aliye karibu nawe asikuvute mkono wala kukusukuma mgongoni. Aweke mguu wake mbele ya wako na aseme, "Baba, vuka huu."

Kugeuka nako kuna sheria yake. Usizunguke papo hapo kwa kisigino mtu akikuita nyuma. Zunguka kwa upana, kama lori linavyogeuza pale Mafiati, hatua tano au sita hata kama anayeita ana haraka.

Kisha salamu. Huku kwetu salamu haipiti mbio. Mnyakyusa akikuambia "ugonile" hajamaliza, ndiyo kwanza anaanza, na Mhehe na "kamwene" yake atataka habari za mashamba, za watoto na za wale wa Mafinga. Kutembea na kuongea ni kazi mbili, na ubongo wetu sasa una nafasi ya moja. Mara mbili nimeanguka, zote nikiitikia shikamoo. Siku hizi nikisikia salamu nasimama, nashika ua au mti, namaliza salamu yote mpaka mwisho, ndipo nasogea. Watu wananiona mzee mwenye heshima kuliko nilivyokuwa.

Viatu: kandambili ziache, na raba zenye soli inayonata nazo ziache, zinaganda kabla yako. Tafuta kiatu cha ngozi, bapa, chenye kushika kisigino.

Hatua ya sita: choo

Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachowashinda wengi mapema, na wengi wanaona aibu kusema. Seremala atakutengenezea kiti cha mbao chenye tundu, kizito, miguu imetanuka, cha kuweka juu ya shimo. Kiti cha plastiki kilichotobolewa ni rahisi lakini kinateleza. Fundi wa kuchomelea aweke bomba ukutani usawa wa kiwiko. Usiku tumia kopo chumbani, usitoke nje kwenye ukungu na tope kwa ajili ya kuonekana bado kijana.

Choo kikifunga siku tatu, hata dawa inachelewa kushika. Baridi inatusahaulisha maji, kwa hiyo jaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi uione inavyoisha. Dona, papai na parachichi vifanye kazi yake. Bafuni kaa kwenye kigoda, na maji mtu mwingine ayajaribu kwa kiwiko kabla yako.

Hatua ya saba: sauti na koo

Sauti inafifia na wewe unajisikia unaongea kawaida. Ongea kana kwamba unamwita mtu ng'ambo ya uwanja, hapo ndipo waliokaa nawe mezani watakusikia. Soma gazeti kwa sauti dakika kumi kila siku, au baki kwaya hata kama unafungua mdomo tu wiki za kwanza. Kula umekaa wima, tonge dogo, kidevu kimeinama kidogo, umeze kabla hujachukua jingine. Ukianza kukohoa kila unapokunywa maji, mwambie daktari. Chakula kinachopita njia ya hewa huleta nimonia.

Hatua ya nane: barabarani, na kwa madaktari wengine

Kwenye bajaji geuka, kaa kwanza, kisha ingiza miguu yote miwili pamoja. Kwenye daladala mwambie konda kabla hujapanda kwamba utachukua muda kushuka. Akinung'unika, mwache anung'unike.

Utaitwa mlevi. Sokoni Mwanjelwa kijana wa mkokoteni aliniambia, "Mzee, leo umewahi!" Nilirudi nyumbani bila vitunguu, na wiki mbili sikutoka. Sasa nina sentensi moja niliyoifanyia mazoezi kama mwanafunzi wa mtihani: "Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, mwanangu, hebu nishike kiwiko." Wengi wanakishika.

Mfukoni weka dozi moja ya ziada na karatasi yenye jina lako, namba ya nyumbani, saa za dawa, na mstari huu kwa herufi kubwa: NISIPEWE METOKLOPRAMIDI WALA HALOPERIDOLI. Ukilazwa kwa malaria na kutapika, nesi wa zamu atakuchoma metoklopramidi kwa nia njema kabisa, na kesho yake hutainuka. Mwenzako aulize kama domperidoni ipo. Pia aombe upewe levodopa kwa saa zako, si kwa saa za mzunguko wa wodi. Ukiwa na miaka 60, fuatilia kitambulisho cha matibabu ya wazee kupitia serikali ya mtaa, na hospitalini ulizia dirisha la wazee.

Hatua ya tisa: usiku ukiona watu

Mimi niliona watoto wawili wamekaa pembeni ya kabati, kimya, wamevaa sare. Nilikaa siku nyingi bila kusema, nikijua nikisema tu shangazi ataleta mganga kutoka kijijini. Ni ugonjwa wenyewe, au dawa, na daktari anaweza kupunguza au kubadilisha. Huzuni nayo ni vivyo hivyo. Si udhaifu wa imani, dopamini ikipungua hata furaha inakosa mafuta. Sema mapema.

Hatua ya kumi: anayekuuguza, na ukurasa wa nyuma

Mke wangu ana magoti yake yanayouma. Tuligombana sana kwenye vifungo: akinisaidia nakasirika, asiponisaidia nakasirika. Sasa anauliza swali moja, "Nisaidie au nisubiri?" na mimi sina ruhusa ya kujibu kwa kununa. Jumamosi binti yetu anakuja, na siku hiyo mama anakwenda kwenye kikoba chake harudi mpaka jioni, hata kama nimeanguka.

Ugonjwa unasonga, kwa hiyo kila miezi mitatu tunarudia daftari la siku saba na kupanga siku upya. Ukurasa wa nyuma kabisa una safu mbili: niliyoyakabidhi na niliyobaki nayo. Kunyoa ndevu kwa wembe nilikabidhi Januari. Kumimina chai, Aprili. Kupanda ngazi ya dari sikukabidhi, nilinyang'anywa. Kupukuchua mahindi kulikuwa safu ya kwanza tangu mwaka jana, mpaka Juni nilipogundua kwamba mkono unaotetemeka ukiwa umekaa bure hutulia ukipewa gunzi. Kazi hiyo nimeifuta huko, nikaiandika upande wa pili. Debe moja linanichukua siku mbili, kati ya saa mbili na saa nne, dawa ikiwa imeshika.